Yaya Odette, Nimeushuka Mteremko Mweusi

Yaya Odette,

Nimeushuka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, dada yangu mkubwa, hukuwa mtu wa kusubiri mwenzako amalize salamu. Ule mteremko mweusi, ule tuliokuwa tukiutazama kutoka chini huku tumeshika vikombe vya chai kama watu wanaoangalia nyumba wasiyoweza kuipanga, nimeushuka jana mchana. Kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, kwa miguu yangu mwenyewe na skii za kukodi za kutelezea theluji, ndani ya ukungu ambao ungekufanya uwataje watakatifu wote jina kwa jina. Sikurudi na kiti. Narudia ili usikie vizuri huko uliko: sikurudi na kiti!

Nakuandikia nikiwa uwanja wa ndege wa Baiyun, karibu na lango la kupandia ndege, na nimevaa koti lako la njano. Usicheke. Sanduku lilizidi uzito, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nguo nzito husafiri mwilini mwa mwenyewe. Basi nimekaa hapa na koti la theluji kwenye joto la Guangzhou, jasho linanitiririka hadi kiunoni, na bibi mmoja wa Kichina aliyeketi mbele yangu anajipepea kwa kasi kila akinitazama. Nadhani anajipepea kwa niaba yangu.

Narudi nyumbani, Yaya. Morogoro, moja kwa moja. Masomo yalishaisha, kibali cha kukaa nacho kimefika ukingoni, na kazi ya kutafsiria wafanyabiashara haina ladha tangu uondoke. Nimepata washirika wawili Dar, tutafungua ofisi yetu ndogo ya kupokea na kusafirisha mizigo. Ungeniambia nimechelewa. Najua.

Mambo ya mtaa wetu wa Xiaobei ni yaleyale na si yaleyale. Kibanda chako kwenye lile jengo la jumla, ghorofa ya tatu, amekichukua mtu wa Guinea anayeuza nywele za bandia, na kile kiti chako cha plastiki kilichopasuka mguu bado anakikalia, amekifunga kwa gundi ya maboksi. Yule bosi wa makoti, laoban ambaye mlikuwa mkigombana mpaka majirani wanafunga milango, alipopata habari aliniuliza kwa Kichina nani sasa atamwambia kwamba bei yake ni ya wizi. Kisha akageukia ukutani, akawa anapanga vifungo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Pale Dengfeng kwenye mgahawa wenu bado wanasonga bukari, ule ugali wenu mgumu ulioupenda, na mwenye mgahawa kwa miezi miwili aliendelea kuniuliza kama nitakula pamoja nawe. Alikuwa anajua. Ulimi tu ulikuwa haujazoea.

Mimi pia sikuzoea. Ulikwenda kwenu Lubumbashi kwa Noeli, ukasema utarudi wateja wakimaliza makoti. Siku ile simu ililia, nikaona jina lako kwenye kioo, nikapokea nikiwa nacheka, nikasema, "Yaya, umenitupa kabisa!" Ikawa sauti ya Grâce, binti yako, kwenye simu yako. Presha ilikuangusha sokoni, mchana, katikati ya wateja, na hukuinuka tena. Sijui nilimjibu nini. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kijiko, na nilikishika hadi jioni.

Nilikukasirikia, nikuambie ukweli. Nilikukasirikia sana. Kwa sababu tulikuwa na miadi.

Unakumbuka ilivyoanza? Wewe unadai ilianza kwa biashara, mimi nadai ilianza kwa ubishi. Laoban alikuwa ameapa kwamba makoti yake ya skii yanazuia baridi yoyote duniani. Ulikuwa unayataka kwa ajili ya madereva wa pikipiki wa kwenu, maana Lubumbashi mwezi wa sita asubuhi baridi inauma, na dereva wa pikipiki hupigwa nayo kifuani. Ukachagua ya njano ili mtu aonekane kwenye vumbi. Lakini hukuwahi kununua kitu kabla hujakijaribu mwilini mwako mwenyewe. Viatu ulivitembelea, masufuria uliyapikia, na godoro lile ulililalia dukani mbele ya watu huku nikijifanya sikujui. Sasa koti la baridi utalijaribia wapi katika mji ambao watu wanalala na feni usoni? Ukaniambia, "Zuu, vaa soksi mbili. Leo tunaenda mu theluji."

Nilidhani unatania. Hadi tuliposhuka kwenye treni ya chini ya ardhi, tukaingia kwenye lile jumba kubwa kama ghala la mbinguni, nje watu wana kaptula, ndani theluji imelala na watu wanateleza. Theluji ya mashine, chini ya paa la bati. Ulisimama mlangoni ukafunga zipu hadi kidevuni, ukasema tukae saa nzima bila kutikisika ili koti lipimwe vizuri. Hatukumaliza hata robo yake. Ulimwona mama mmoja wa Kichina mnene kuliko wewe akipita kwa kasi mbele yetu, skafu inapepea, ukanigeukia na macho ambayo nilishayajua. "Ule anaweza. Miye nitashindwa juu ya nini?"

Kuanzia hapo makoti yakawa kisingizio. Kila ukimaliza kupakia kontena, tunaenda "kukagua makoti." Kocha Lin, yule kijana mpole aliyetufundisha, alikuita Laobanniang, mama bosi, na alikuogopa kidogo. Alipokufundisha kufunga breki kwa kupanua visigino na kukutanisha ncha za skii mbele, wanavyoita kipande cha pizza, ulikataa katakata. Ulisema mwanamke wa heshima hawezi kusimama hivyo mbele za watu kama anayebanwa na haja. Kwa hiyo ulikuwa ukisimama kwa kuanguka. Ulianguka vizuri, lakini, lazima niseme. Ulianguka kwa mpango.

Halafu ule mteremko mweusi. Alama nyeusi juu ya ubao, wavu pande zote mbili, na katikati pale unapovimba kama tumbo na kisha kudondoka, ukiwa juu huoni kinachoendelea chini yake. Huruhusiwi kuushuka mpaka kocha akupime na kukuridhia. Mimi nilipita mtihani mapema, kwa sababu miguu yangu ina akili. Moyo ndio haukuwa na akili. Nilipanda juu, nikatazama, nikaomba kurudishwa na kiti. Umeona mtu akishuka na viti vile vinavyoning'inia kwenye waya? Wote wanapanda, wewe peke yako unashuka, na kila anayepanda anakukodolea macho uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Ulinisubiri chini umeshika kiuno. "Karibu, Mademoiselle Retour." Nikajaribu tena siku nyingine, nikarudi tena. Jina hilo, Binti Kurudi, likakaa. Hadi laoban wa makoti akaniita hivyo, naye hajui neno jingine la Kifaransa.

Wewe ulifeli mara mbili kwa Lin. Mara ya tatu, wiki moja kabla hujasafiri, ukapita. Akakufungia kile kibandiko cheusi cha waliopita, chenye jina lako, kwenye zipu ya koti, na wewe mtu mzima, mama wa watu, ulilia palepale, machozi yakakuganda kwenye shavu. Nikasema twende sasa hivi. Ukasema hapana, magoti yamechoka, mambo mazuri hayafanywi na magoti yaliyochoka. "Nikirudia, tutashuka wote wawili. Weye mbele, miye nyuma, ili usirudie na kiti." Ukaniachia koti nikutunzie, kwamba kwenu unakwenda na makoti mengi ya kutosha.

Hiyo ndiyo miadi yetu. Koti likaning'inia nyuma ya mlango wangu toka wakati huo, kibandiko kinaniangalia kila nikitoka kwenda dukani.

Nilipopata tiketi ya kurudi, nikajua ni sasa au basi tena. Nyumbani sina theluji, Yaya. Milima ya Uluguru ina ukungu na ndizi. Nikimaliza wiki hii bila kushuka, ile miadi itabaki hivyo milele, wawili waliopita mtihani na hakuna hata mmoja aliyeshuka. Nikampigia Lin, akaniambia nije jana. Na nikamwambia Papa Dieudo, basi tu nimwambie mtu, nikamsihi asije. Unamjua Papa Dieudo. Toka tulipomjua kule ghalani tunakopakia kontena, yule ndugu wa Bukavu hajawahi kusikia neno "usije."

Jana sasa. Ulikuwa ule msimu wa unyevu, ule ambao kuta za Guangzhou zinatoka jasho, nguo hazikauki, na ngazi za jengo langu zinateleza kuliko theluji. Ile hewa nzito ya nje ilikuwa inapenya kwenye milango ya jumba, inakutana na baridi ya ndani, inageuka ukungu. Nimeingia, sikuliona paa. Sikuuona mteremko. Niliona viti vya waya vinapanda, vinazama kwenye weupe, na vinarudi vitupu. Mteremko haukuwa umefungwa, lakini watu karibu wote walikuwa kwenye ule wa wanaoanza, wanacheza na watoto wao.

Nikavaa koti lako. Linanipwaya, unajua. Mikono niliikunja mara mbili.

Tulipanda na Lin. Katikati ya njia nikatazama chini kati ya skii zangu, sikuona kitu, kama mtu aliyekaa ndani ya kikombe cha uji. Tulipofika juu ilikuwa mbaya zaidi. Niliona ncha za skii zangu, niliona wavu wa upande mmoja hatua chache, na hapo dunia ikaisha. Lin alisogea ukingoni, akachungulia. Halafu akasema, "Bu xing." Haiwezekani. Akasema yeye ataweza kushuka kwa sababu anaujua mteremko kama chumba chake, lakini hawezi kunilazimisha, wala hatanizuia, na kama nataka kiti, hakuna aibu.

Yaya, nilitaka kiti. Nilikitaka kama mtu anavyotaka maji. Nikageuka, na yule mzee anayesimamia viti, yule mwenye kofia ya masikio, alipoona koti la njano na mimi ndani yake, hakuniuliza. Alishaweka mkono kwenye kitufe, akasimamisha kiti tayari, na akatabasamu kwa upole kabisa. Alikuwa amenizoea. Hakukuwa na dharau hata kidogo usoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma. Nikaona nitakavyokaa, nitakavyoshuka nikiwatazama watu, nitakavyopanda ndege na kibandiko chako kikiwa kimepanda mpaka juu na kushuka kimekaa kitako. Nikaanza kulia. Si kidogo.

Ndipo nikaisikia.

"Kuyaaa! Kuya! Kuya! Kuya!"

Kutoka chini kabisa, ndani ya ukungu. Papa Dieudo. Sauti ile ya kontena.

Kama kuna anayesoma hii zaidi yako, hataelewa, lakini wewe utaelewa mpaka kwenye mifupa. Mara ngapi tumepakia kontena pamoja? Mbebaji anaingia na boksi kichwani, limemfunika hadi usoni, boksi kubwa kuliko yeye, ndani ni giza, haoni alipokanyaga. Kinachomwongoza ni sauti ya anayemsubiri mwisho wa kontena, ikimwambia aje. Kuya, kuya, kuya. Na ile sheria yako uliyotupigia kelele hadi tukaiota: ukianza kumwita mtu huachi mpaka ametua mzigo. Ukinyamaza hata kidogo, anasimama na uzito kichwani, anatetemeka, anaangusha. Hadi wa mwisho atue, ndipo unasema "Basi!", kwa sauti ile yako iliyofanya bati la kontena lijibu.

Alinieleza baadaye kwamba hakukusudia kuniita. Walifika pale kwenye uzio wa chini, yeye na Otieno, yule mwanafunzi Mkenya anayebeba mizigo siku za mapumziko, na wengine wa ghalani, wakaona ukungu unameza viti. Papa Dieudo akaingiwa na hofu, na mdomo ukafanya kazi uliyoizoea. "Miye siwezi kuona mutu anaingia mu giza na hakuna wa kumuita," alisema. Ndivyo tu. Hakuwa na wazo kubwa zaidi ya hilo.

Yule mzee wa viti bado anasubiri na kitufe. Nikamwambia kwa Kichina, mzee, endesha tu, mimi naenda kwa miguu. Nikapangusa pua kwa mkono wa koti lako, samahani. Nikasema Bismillah. Halafu nikasema pia yale majina yako ya watakatifu, yote niliyoyakumbuka, maana nilijua usingenisamehe kama nisingeyataja. Nikageuza ncha za skii kuelekea kwenye sauti.

Mwanzo niliteleza upande, polepole, kama Lin alivyonifundisha, najikwangua kwenye theluji ngumu, ncha hii, geuka, ncha ile. Weupe juu, weupe chini, weupe puani. Huwezi kujua kama unakwenda au umesimama, unajua tu kwa upepo shavuni. Na sauti haikunyamaza. Kuya, kuya. Papa Dieudo alipopungukiwa pumzi Otieno akampokea, na huyo hana hata adabu ya ghala, anaita tu kwa Kinairobi chake, "Kuja, madam! Kuja tu! Uko fiti!" Nilikuwa nashuka nacheka na kulia. Kwetu Morogoro ni "njoo", lakini jana hakuna aliyeniuliza kwetu wanasemaje.

Halafu ikaja ile sehemu iliyovimba. Sikuiona, niliihisi miguuni, dunia ikaniinamia ghafla. Skii zikakimbia. Nikageuza kwa nguvu zaidi ya ilivyofaa, nikaenda upande mno, nikasikia skii moja inakwaruza barafu ya pembeni karibu na wavu, kelele mbaya kama kisu kwenye sahani. Na chini wakaisikia hiyo kelele. Papa Dieudo akapaza, "Kushoto! Kushoto!"

Kushoto kwa nani?

Hapo hapo, Yaya, kwenye ule mwinuko, kati ya wavu na mahali nisipopaona, nikakusikia. Sikusikia mzimu, usiniogope. Nilikukumbuka tu, wazi kama uko mgongoni. Ile siku Otieno alipokuwa mgeni kwetu, akasimama ndani ya kontena anaita, akasema kushoto akimaanisha kushoto kwake yeye anayetazama mlangoni, na mbebaji akaenda kushoto kwake mwenyewe kwa nguvu zote, vidole vikabanwa kati ya boksi na bati. Ulimfunga plasta mwenyewe, halafu ukatukusanya sote kama watoto wa shule. "Anayeita habebe kitu. Kushoto ni ya ule anayebeba. Ya ule mwenye uzito!" Papa Dieudo alikuwapo. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi na wewe hawezi kuikosea tena, hata akiamshwa usingizini.

Kwa hiyo ilikuwa kushoto kwangu. Sikusita. Nikabonyeza mguu, nikaenda kushoto, kwenye weupe mtupu, kama mtu anayetia mguu kwenye ngazi gizani akijua ipo. Na ilikuwapo. Theluji ikawa laini chini yangu, wavu ukabaki nyuma, mteremko ukanipokea na ukaniachia kwa kasi, na kutoka hapo Yaya sikushuka tena, nilimwagika. Nilipiga kelele. Si ya woga. Kelele ya bao, ya harusi, nilipiga vigelegele ndani ya jumba la Wachina mpaka paa likanijibu.

Na ukungu ulipoanza kupasuka, kitu cha kwanza nilichoona ni njano.

Hawakuwa na nguo za baridi, unawajua. Papa Dieudo alikuwa amefungua lile boksi la sampuli lililobaki ghalani, akawavika wote. Nikawaona wamepanga mstari kwenye uzio, makoti ya njano yale yale, uliyoyachagua ili mtu aonekane kwenye vumbi. Yanaonekana, Yaya. Nakuhakikishia kwa macho yangu. Yanaonekana hata pale pasipoonekana kitu.

Wote kwa pamoja, "BASI!"

Nikafunga breki. Nilifunga kwa kipande cha pizza, kikubwa, cha aibu, visigino huku na huku, ile ile uliyokataa maisha yako yote. Haikutosha. Nikamkumba Papa Dieudo pale kwenye uzio, kofia ikamruka, tukaanguka wote wawili, na Otieno akatuangukia kwa hiari yake. Tulilala kwenye theluji tunacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kama kuna aliyeumia. Papa Dieudo hakuwa na sauti tena. Alikuwa anaonyesha juu kwa kidole, anaonyesha koti, anaonyesha mimi, na midomo inatikisika bila kutoa kitu.

Lin akafika nyuma yangu, taratibu, alikuwa amefuata kelele zangu. Akavua miwani. Akakishika kile kibandiko kwenye zipu, akasoma jina lako, lile aliloliandika mwenyewe kwa herufi za Kichina kwa jinsi alivyolisikia. Akasema, "Leo wameshuka watu wawili." Akaenda zake haraka kurudisha vifaa, kwa sababu yule kijana hapendi kuonekana analia.

Unadhani niliishia hapo? Nilipanda tena! Nilimwambia Papa Dieudo safari hii anyamaze, koo lake lipone. Yule mzee wa viti aliponiona juu kwa mara ya pili alisimamisha kiti kwa mazoea, kisha akanitazama, akakiachia kiende, akapiga makofi na zile glavu zake nene ambazo hazitoi sauti. Ukungu ulikuwa bado haujaisha, lakini nilishaijua njia. Ile ya kwanza nilishuka kwa ajili ya miadi. Ya pili nilishuka kwa raha zangu, Yaya, na nilipofika kwenye ule uvimbe sikupunguza hata kidogo.

Jioni tulikula Dengfeng, bukari na sombe, kile kisamvu chenu, na samaki, sote na makoti yetu ya njano, tunatoka jasho kama wendawazimu, hakuna aliyekubali kulivua. Mwenye mgahawa akaweka sahani moja zaidi. Safari hii hakuteleza ulimi. Aliiweka makusudi.

Nimesikia wameanza kuita abiria wenye watoto. Acha nimalize.

Grâce ameniambia koti ni langu, nisimrudishie. Lakini nitalileta mara moja. Mwezi wa sita, baridi ya kwenu ikianza kuuma, nakuja Lubumbashi. Nitafika pale ulipolala, nitavaa koti, nitakusimulia yote haya kwa mdomo na kwa mikono, na wale madereva wa pikipiki wakipita barabarani na njano yao nitakuonyesha. Hilo nakuahidi. Na kontena langu la kwanza litakapofunguliwa kule Dar, sitakaa ofisini na kalamu. Nitaingia mpaka mwisho, kwenye giza, nitawaita wabebaji wangu kama ulivyotuita, na hakuna atakayebaki na uzito kichwani akisubiri sauti yangu. Kushoto itakuwa yao.

Jina la Mademoiselle Retour naliacha hapa Guangzhou. Aokote anayelitaka.

Nakupenda, Yaya. Sikukuambia kwa sababu tulikuwa tunabishana kila siku, na nilidhani tutabishana hadi uzeeni. Wewe uliingia gizani mbele yangu na sikuwa hapo kukuita. Basi nakuita sasa, kwa sauti yangu yote, na bibi wa Kichina mbele yangu ameacha kujipepea kwa sababu ananiona midomo inatikisika na machozi yanatoka. Kuya. Kuya, Yaya. Kuya taratibu, umefika, hakuna wavu, hakuna barafu, tua mzigo wako.

Basi.

Mdogo wako,
Zuhura